Herufi za Upande wa Jikoni

Nilizaa mara nne, akabaki mmoja. Huyo mmoja alipokuwa na miaka mitatu alipata homa, na homa ilipotoka iliondoka na nguvu za mguu wake wa kulia. Mguu wenyewe ulibaki ukining'inia kama kamba iliyolowa. Tukamsugua mafuta, tukamwombea kanisani, bibi yake akamkanda kwa majani ya kila aina. Nilishukuru kwa yote, kisha nikamchongea fimbo ya mwanzi. Sikukaa kulia. Nilikuwa na mashamba matatu, na mume wangu alikuwa ng'ambo ya Tunduma, kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, anarudi kila baada ya miaka miwili akiwa na blanketi na kikohozi.

Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya vita ya pili, wakati wa Mwingereza. Tulikaa milimani Ileje, juu ya njia iendayo Isongole. Kule kwetu shamba limesimama kama ukuta. Unalima kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unashika majani usije ukateremka na mbegu zako mpaka mtoni. Mtu wa mguu mmoja hawezi. Nilikuwa nikimtazama binti yangu anavyojikokota kati ya matuta, najiuliza: nikifa mimi, huyu atakula kwa mkono wa nani? Ndugu hana. Na wanaume wa kwetu walitafuta mke wa kulima, si mke wa kutazama.

Shule ndogo ilikuwepo, ng'ambo ya mto. Kuvuka ni kwa gogo moja. Watoto wa majirani walivuka wakikimbia, wengine wakicheza katikati. Binti yangu alijaribu siku moja tu, nikamtoa kwenye maji mimi mwenyewe kwa kumshika gauni.

Jumapili moja alikuja kanisani kwetu mwalimu wa kike kutoka misheni, yule aliyesimamia bweni la wasichana. Mwanamke mfupi, wa rangi yetu, sauti kama ya mtu anayeita ng'ombe. Ibada ilipokwisha nilimfuata na mtoto mgongoni.

"Mama, umemleta kuombewa?" akaniuliza.

"Kaombewa vya kutosha, Bibi Mwalimu. Nataka asome."

Akamtazama mtoto, akautazama mguu, akanitazama mimi.

"Anajua nini?"

"Anajua kutii."

"Hiyo ya nyumbani. Herufi?"

"Hajui."

"Sikiliza, mama. Bwenini kwangu vitanda ni kumi na viwili, na wasichana wanaovitaka wamejaa mlangoni. Kule hakuna yaya. Kila mtu anachota maji yake, anafua nguo yake. Nitapita kwenu mwakani, mahindi yakishaingia ghalani. Nikimkuta anasoma, anaandika, anahesabu mpaka mia, na maji yake anachota mwenyewe, nitamchukua. Nikimkuta bado, kitanda nitampa mwingine. Mwaka wa kufuata atakuwa amepita umri."

"Na wa kumfundisha ni nani?"

"Hilo nakuachia wewe," akasema, akafunga kitambaa chake akaenda.

Nilipanda mlima nikiwa na hasira, si kwake, kwangu. Mimi herufi sikuzijua hata moja. Nyimbo za kanisani nilizishika kwa masikio. Katika boma letu lote aliyejua kusoma alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Hapo nieleze, maana vijana wa sasa wanasalimiana na wakwe zao kwa kushikana mikono kama wauza ng'ombe. Kwetu sisi Wandali, siku zile, mke hakumtazama baba mkwe wake. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Nikimwona anakuja njiani naingia majanini mpaka apite. Nyumbani kwake siingii, jina lake silitaji, neno simwambii. Mahali alipokaa sipakanyagi, hata kigoda chake kikishaondolewa. Naye vivyo hivyo: akitaka kupita uani anakohoa mara mbili ili nijifiche. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na mbili hatua thelathini kutoka mlangoni pake, na uso wake sikuwa nimeuona sawasawa. Nilimjua kwa kikohozi na kwa harufu ya ugoro.

Kitu kingine nilichokijua ni kwamba alisoma. Ujanani, baada ya kubebeshwa mizigo katika vita ile ya kwanza, alikaa misheni upande wa Nyasa akafunzwa huko. Alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, na kitabu hicho hakikutoka nyumbani kwake.

Nililala na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne nikamwambia mtoto, "Nenda kwa babu yako. Mwambie mama anauliza kama babu anaweza kukufundisha herufi."

Akaenda na fimbo yake, tak, tak. Mimi nikasimama jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, nasikiliza. Babu mtu hakumjibu mtoto. Alijibu uani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwangu:

"Nimesikia. Lakini kwangu mimi huyu mjukuu ni mke wangu, na mke hachapwi na mumewe mzee. Kumfundisha nitamfundisha. Fimbo itakuwa kwa mama yake. Sasa mke wangu, nenda kaniletee ungo na majivu yaliyochekechwa. Yasiyo na mkaa, mwambie!"

Ndivyo shule yetu ilivyofunguliwa.

Nilichekecha majivu kama unga wa mgeni. Nikayamwaga kwenye ungo, nikayasawazisha kwa bawa la kuku mpaka yakawa laini kabisa. Mtoto akaubeba ungo mpaka barazani kwa babu yake bila kumwaga, na hilo lenyewe lilimchukua siku nyingi kulijua, maana kwa kila hatua kiuno chake kilishuka upande mmoja. Babu alikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, mtoto ubavuni pake, ungo mbele yao. Aliandika kwa kijiti cha mwanzi. Mimi sikuona kitu. Nilisikia.

"Mke wangu, leo umekuja na miguu mingapi?"

"Mmoja na nusu, babu."

"Basi tutasoma herufi moja na nusu. Hii ni nani?"

"A."

"Na hii yenye tumbo?"

"Be. Ina matumbo mawili, babu, kama wewe ukila."

"Nyamaza, au nitakurudisha kwenu bila mahari!"

Alipomaliza alikohoa mara mbili, akaenda zake migombani. Hapo ndipo zamu yangu ilianza. Nilitoka jikoni, nikapiga magoti mbele ya ungo, nikazitazama herufi alizoziacha. Niliziangalia kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Ungo sikuugeuza, maana majivu yakitikisika herufi zinakufa. Na upande wa kigoda sikwenda, hapo alipokaa mkwe. Nilipiga magoti upande wangu, upande wa jikoni, nikazishika kichwani moja moja. Kisha nikaenda kuziandika kwenye ungo wangu mwenyewe, ili jioni nimsahihishe mtoto.

Na siku nikaipanga. Sikuwa na saa, nilikuwa na jua. Umande ukiwa bado majanini, maji. Jua likiingia mlangoni mwa jikoni na kugusa mafiga, hesabu. Kivuli cha ghala kikifika kwenye kinu, babu. Tukishakula viazi vyetu vya jioni, ungo wangu, mpaka mwanga uishe. Kufua kulikuwa siku ya tatu ya juma, na siku hiyo hata kama mvua inanyesha tulifua. Majirani walisema nimeanzisha jeshi.

Hesabu niliijua kwa mikono, kama mwanamke yeyote anayepanda. Nilikata mianzi vikombe kumi, kila kimoja kifundo kimoja. Nikamwambia, kila kikombe kinakula maharage kumi, hakishibi tisa wala hakimezi kumi na moja. Vikombe kumi vikijaa, hiyo ni mia, na mia tunaipika. Ndiyo. Akikosea, hatupiki maharage, tunakula ugali na chumvi. Alikosea mara nyingi mwanzoni, na nilikula chumvi pamoja naye, maana sheria ni sheria. Siku ya kwanza mia ilipotimia alikaa karibu na chungu mpaka yakaiva, akayahesabu tena kwenye bakuli. Yalikuwa tisini na tisa. Tukatafutana macho. Moja lilikuwa limeganda kwenye mwiko.

Maji yalikuwa vita. Nilimpa kibuyu kidogo, akakiweka kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba, na kwa kila hatua ya ule mguu kichwa kilikwenda upande na maji yakamshukia mgongoni. Akarudi amelowa, kibuyu kitupu. Nikamrudisha. Akarudi vilevile. Nikamrudisha. Mama mkwe wangu, ambaye yeye nilizungumza naye kama kawaida, akatoka nyumbani kwake na mkono kiunoni.

"Wewe mtoto wa watu, huyo si punda!"

"Najua, mama. Punda, kule misheni wangemchukua bila kumuuliza maji."

"Mtoto anatetemeka!"

"Bwenini pia atatetemeka, na mimi sitakuwepo."

Mama mkwe akatema mate chini, akaniita jiwe. Labda nilikuwa jiwe. Lakini alipogeuka niliingia jikoni nikaongeza kuni, ili mtoto akirudi akute moto mkubwa.

Siku moja alichelewa kisimani. Nikatoka kumtazama. Niliona wanawake wamesimama njiani wanacheka, na katikati yao binti yangu anapanda na fimbo yake, kibuyu amekifunga mgongoni kwa kitenge, kama anavyobebwa mtoto mchanga. Alikuwa amekiziba mdomo kwa majani.

"Tazameni jamani, mtoto kabeba mtoto!" mmoja akasema. "Mwanao analia, mnyonyeshe!"

"Halii," binti yangu akajibu. "Huyu ana adabu kuliko wa kwako."

Nilitaka kumwambia maji hubebwa kichwani. Maneno yalikuwa mdomoni. Kisha nikaona gauni lake ni kavu. Nikafunga mdomo.

Ningefunga mdomo na kwenye herufi pia, tusingefika tulikofika.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa kwanza wa shule yetu, jioni, tukiwa kwenye ungo wangu, nilimwandikia herufi ya kwanza jinsi nilivyoiona. Mtoto akaitazama akainamisha kichwa.

"Mama, kwa babu miguu ya A iko chini."

"Iko wapi?"

"Chini. Wewe umeisimamisha kwa kichwa."

"Mimi nimeiona kwa macho yangu mawili. Unataka kunifundisha kazi?"

"Hapana, mama."

"Andika nilivyoandika."

Akaandika. Nilimvuta sikio kidogo pia, nisiseme uongo. Tangu siku hiyo hakunibishia tena. Jioni aliandika ninavyotaka, zote, na mimi nikajisifu moyoni kwamba mtoto anashika.

Tulikuwa na debe la mafuta ya taa alilolileta mume wangu, lenye maandishi yaliyogongwa ubavuni. Siku moja nikalitazama nikakuta siwezi kutambua hata herufi moja. Nikaligeuza juu chini ili nilioshe kitako, na hapo ndipo nikaziona, A ile, na nyingine na nyingine, marafiki zangu wote! Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Kisha nikasema, kumbe Wazungu wenye viwanda ni wazembe hivi, wanagonga maandishi kichwa chini. Nikamwonyesha binti yangu. Aliangalia debe, akaniangalia mimi.

"Ndiyo, mama," akasema. "Wamekosea."

Alikuwa na miaka minane.

Mahindi yakaingia ghalani. Nikafagia uwanja kila siku kwa majuma mawili, nikimngojea Bibi Mwalimu. Alikuja asubuhi moja na vumbi mpaka magotini, akakaa kwenye mkeka niliotandika katikati ya uwanja. Baba mkwe alikuwa barazani kwake. Kwa hiyo mimi nilikaa jikoni, jicho kwenye ufa wa mianzi, na mama mkwe ndiye aliyempokea mgeni.

Hesabu ilikwenda vizuri. Mtoto alipanga vikombe vyake kumi, akajaza, akamimina, akatoa, akarudisha. Bibi Mwalimu alimwuliza vikombe saba na maharage manne ni ngapi, akajibu sabini na nne kabla hajamaliza kuuliza. Nikapumua. Kisha mwalimu akatoa kibao chake cha jiwe na kalamu yake.

"Niandikie baba."

Binti yangu akashika kalamu. Hakuandika. Akauliza, kwa adabu kabisa:

"Ya babu au ya mama?"

"Unasemaje?"

"Niandike ya babu au niandike ya mama?"

"Kuna ya mama?"

"Ndiyo, Bibi Mwalimu. Ya babu inasimama kwa miguu. Ya mama inasimama kwa kichwa."

Mimi jikoni sikuelewa bado, lakini nilielewa kwamba kuna kitu nimekiharibu.

"Andika zote mbili," mwalimu akasema.

Akaandika. Mwalimu akakichukua kibao, akakitazama, akakigeuza polepole mkononi, akakigeuza tena. Uso wake haukuwa na furaha.

"Huyu mtoto amevurugwa," akamwambia mama mkwe wangu. "Asiyejua kitu ni rahisi kumfundisha. Aliyefundishwa vibaya ni kazi mara mbili. Aliyemwandikia hii ya pili ni nani? Mama yake yuko wapi? Mama! Njoo hapa!"

Sikuweza kutoka. Baba mkwe alikuwa pale barazani, akikabili mlango wangu, macho yake uwanjani. Mwalimu akaita tena, kwa ukali. Nikashika mwanzi wa ukuta kwa nguvu. Kitanda cha mtoto wangu kinaondoka, na mimi nimesimama na moshi jikoni.

Ndipo nikasikia kikohozi. Mara mbili. Kisha miguu ikielekea migombani, haraka kuliko kawaida yake. Nikatoka mbio.

Bibi Mwalimu hakunisalimu. Alikishika kibao mbele ya macho yangu.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu. Ndivyo zilivyo."

"Umeziona wapi?"

"Kwenye ungo wa babu yake. Akishaondoka."

"Umekaa upande gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono: yeye pale, ungo hapa, mimi huku. Akanitazama. Halafu akaanza kukigeuza kibao, taratibu, mpaka juu kukawa chini. Na mbele ya macho yangu ile A ikakaa kwa miguu yake, herufi zangu zote zikageuka zikawa kama za babu.

Nimeshapata aibu nyingine maishani, lakini ile naikumbuka ilivyoingia kwa macho. Nilikumbuka sikio la mtoto. Nilikumbuka debe. Nikasema, "Bibi Mwalimu, kosa ni langu. Mtoto aliniambia mapema, nikamkatalia. Usimnyime kitanda kwa ujinga wangu."

"Kwa nini hukuendelea kumwambia mama yako?" mwalimu akamwuliza mtoto.

Binti yangu alikuwa anasugua kalamu kwenye gauni lake.

"Nilidhani ziko mbili. Za babu za mchana, na za mama za jioni." Akafikiri kidogo. "Halafu nikajua hapana. Lakini mama alikuwa anafurahi."

Mwalimu akafungua kitabu chake, akakiweka mbele ya mtoto, sawasawa. Mtoto akasoma mstari wa kwanza, kidole kikitangulia. Mwalimu akakigeuza kitabu juu chini. Mtoto akasoma mstari wa pili, kwa mwendo uleule, wala kichwa hakuinamisha. Mwalimu akakigeuza ubavu. Akasoma.

Kutoka migombani tulimsikia mtu anacheka peke yake.

"Babu yenu anaumwa?" mwalimu akauliza.

"Ana kikohozi," mama mkwe akasema, naye amejifunika mdomo.

Bibi Mwalimu akafunga kitabu. "Mimi nafundisha watoto kumi na wawili kwa vitabu vinne," akasema. "Kila siku wanagombania kukaa mbele ya ukurasa. Huyu atakaa popote." Kisha akakunja uso tena, asionekane amelegea. "Maji."

Binti yangu alikuwa ameshafunga kibuyu mgongoni.

Tulimpeleka mwezi ulipoandama, mimi na yeye, nguo mbili kwenye kifurushi na vikombe vyake vya mianzi, maana alikataa kuviacha. Kwenye miteremko alitembea, kwenye milima nilimbeba, ingawa miguu yake ilinigonga magotini kwa urefu. Njiani sikumwambia maneno mengi. Nilimwambia afue siku ya tatu ya juma. Nilimwambia mtu akimcheka amjibu mara moja tu, ya pili anyamaze. Kwenye lango la misheni aliniuliza, "Mama, sasa jioni utaandika na nani?" Nikamwambia nina kazi nyingi za jioni. Nikageuka nikashika njia, na mpaka kwenye kona sikutazama nyuma. Baada ya kona nilikaa juu ya jiwe.

Swali lake lilinifuata nyumbani. Maneno yote kati yangu na baba mkwe yalikuwa yamepita kwa mtoto: mwambie mama yako, kamwambie babu. Sasa wa kupitia hakuna, maana mama mkwe angepeleka salamu tu, herufi hakuzijua. Mimi herufi zangu ziko kichwa chini, nazijua nusu, na mtoto wangu yuko mahali ambapo habari zake zitakuja kwa barua. Wa kunisomea alikuwepo hatua thelathini, na alikuwa mbali kuliko misheni. Siku tatu uwanja ulikuwa kimya. Nilisikia anakohoa, napisha, anapita. Ungo niliutundika.

Siku ya nne, kivuli cha ghala kilipofika kwenye kinu, nikasikia sauti yake barazani, ya kusikika mpaka jikoni.

"Kuku!"

Nikaacha kumenya viazi.

"Kuku wa nyumba hii, nawaambia ninyi, maana mke wangu ameniacha amekwenda kusoma. Mmekaa kula na kulala tu. Leo shule inaanza upya. Na nataka ungo wangu na majivu. Yasiyo na mkaa!"

Nilisimama na kisu mkononi. Kisha nikatungua ungo. Nikachekecha majivu, nikasawazisha kwa bawa, nikauweka ungo mlangoni pa jikoni, nje, nikarudi ndani kujificha. Nikamsikia anakuja kuuchukua, miguu ile ya kizee, pole pole. Lakini hakwenda nao barazani. Aliutua palepale uwanjani, karibu na mlango wangu. Kupitia ufa niliona mgongo wake, shati limetoboka begani. Uso alikuwa ameuelekeza upande wa nyumba yake, mbali na mimi, kama inavyotakiwa, na kigoda hakuleta. Aliinama tu, mikono magotini, kijiti mkononi, mzee yule wa mgongo mbovu, akaandika akiwa amesimama upande wa jikoni. Ndipo nikaelewa kwa nini hakukaa. Angekaa, nisingepakanyaga.

"Wewe kuku mweupe," akasema, akihema kwa kuinama, "wewe uliyezoea kusimama kwa kichwa. Hii ni A. Miguu chini. Ukiondoka hapa uwe umeishika, kesho nakuuliza."

Kuku mweupe alikuwa ameshaanza kwenda zake, na wale wengine wanamfuata. Nikaingiza mkono kwenye kapu la ulezi, nikarusha konzi moja uwanjani kupitia mlangoni, wanafunzi wasitawanyike kabla mwalimu hajamaliza.